Mstari wa Katikati

Njia ya maduka ya simu na redio ilikuwa imefurika, kila mtu na haraka zake, na spika za kila duka zikishindana kupiga kelele. Katikati ya msukumano huo alikuja msichana aliyevaa gauni la njano, amekumbatia monita ya zamani, ile ya chogo kubwa, kidevu chake kikiwa kimekaa juu yake. Hakuwa anaona mbele. Kutoka upande wa pili alikuja fundi mmoja, kikombe cha chai mkono mmoja, simu mkono wa pili, macho kwenye simu. Hakuna aliyempisha mwenzake, na chai yote ikaishia kwenye shati la fundi.

"Wewe, huoni?" alifoka.

"Sioni, ndiyo. Nimebeba dude hili. Wewe ambaye hujabeba kitu ulikuwa unaangalia nini?"

Wauza simu wakaangua kicheko. Fundi aliinua uso amjibu jibu la kumkomesha, akakutana na miwani minene, na nyuma ya miwani macho mawili makubwa ambayo hayakuwa na mpango wa kuomba radhi. Vidole vilivyoishika monita vilikuwa na kucha zilizochorwa, kila moja na mchoro wake: mistari, nukta, vimaua vidogo ambavyo mtu angedhani vimechapwa na mashine.

"Unaipeleka wapi hiyo?" aliuliza kwa sauti nyingine kabisa.

"Kwa fundi mmoja wanamwita Chogo. Nimeambiwa ni mzee mkali, ila kazi anaijua."

"Mzee?"

"Mzee, tena mkali."

"Lete nikubebee. Napajua kwake."

Akaibeba mpaka kwenye chumba chake chembamba mwisho wa njia, ambako televisheni na monita za chogo zilipangwa mpaka darini. Akaiweka mezani, akavaa koti la kazi juu ya shati lililolowa, akakaa kwenye kiti chake.

"Haya, karibu. Mzee mkali ni mimi."

Msichana alicheka mpaka miwani ikateleza puani. Fundi Chogo alikuwa bado kijana. Jina alilipata kwa sababu mafundi wenzake wote walikimbilia simu, yeye akabaki na vioo vya zamani, na wateja wake walikuwa watu wasiotaka kusikia habari za skrini bapa: wacheza michezo ya zamani, wanaodai kwamba kwenye skrini mpya mpira unachelewa na raha yote inaisha.

"Na mimi ni hao hao," alisema msichana. "Nacheza ule wa kuvunja matofali kwa mpira. Mimi na kaka yangu tumekulia nao. Mchana kutwa nashika mikono ya watu saluni, nawapaka kucha. Nikirudi nyumbani nazima simu, nawasha hii, na dunia nzima naisamehe. Sasa picha imepinda. Mpira ukija naukosa."

Fundi aliiwasha, akachomeka kikasha chake kidogo kinachotoa picha ya miraba, mistari myeupe juu ya weusi. Kweli, pande zote mbili za picha zilikuwa zimeingia ndani.

"Umeiona?" alisema fundi. "Imebanwa kiuno. Inataka kwenda harusini."

"Mwambie mwaliko haupo. Ninyooshee."

Akafungua kifuniko, akakuta kapasita imevimba, akaibadilisha, na chumba kikajaa harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka. Baada ya hapo ilibaki kazi ya kunyoosha. Skrubu za kunyooshea ziko nyuma, karibu na nyaya zenye umeme wa kuua, na picha iko mbele. Kwa hiyo fundi akiwa peke yake husimamisha kioo cha kujitazamia mbele ya monita, akatazama humo. Kioo alikuwa nacho. Siku hiyo alikisukuma kwa mguu mpaka chini ya meza.

"Kaa hapo mbele unitazamie. Sema ikinyooka."

"Bado... bado... kushoto kidogo. Hapo! Aa, umepitiliza. Mikono ya wapi hiyo?"

"Mikono inatetemeka. Mteja ananipigia kelele."

"Rudi. Rudi tena. Hapo hapo! Pembeni safi kabisa." Akainama karibu na kioo cha monita. "Ila katikati bado."

"Katikati kuna nini?"

"Huu mstari wa katikati una kinundu, kama umemeza kitu."

Fundi alizunguka, akainama kando yake. Mstari wa katikati ulikuwa umenyooka. Aliweka rula ya chuma juu ya kioo, na mstari ukalala na rula bila kuachana hata kidogo. Bega la gauni la njano lilikuwa limegusa koti lake, na lilinukia rangi ya kucha na sabuni.

"Unauona?" aliuliza msichana.

"Nauona," alisema fundi. "Huo wa katikati una kazi. Niachie, uje Jumamosi."

Ni uongo mwepesi. Wanaume huusema kila siku kwa ajili ya magauni ya njano, na mara nyingi haumdhuru mtu. Huu ulimdhuru mtu, na msimuliaji haoni sababu ya kuwaficha wasomaji: monita ilikuwa nzima, na kilichoanza kuharibika ni jicho la msichana. Jicho lenyewe lilikuwa la kushoto, na la kulia halikuwa na nguvu tangu utoto. Yeye mwenyewe alipenda kutania kwamba la kulia amewekewa kwa urembo tu.

Jumamosi akaja. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Katikati ya juma zikaanza simu.

"Halo, Mzee Mkali. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Mgonjwa amelala. Daktari ndiye hali yake mbaya."

"Daktari anaumwa nini?"

"Hajui. Ikifika Jumamosi anapona, Jumapili anaugua upya."

"Ameze dawa akalale. Mimi nina mteja hapa kanipa mguu, kucha zake utadhani amechimba kisima."

Fundi alicheka peke yake mpaka jirani yake muuza chaja akachungulia. Alianza kunyoa ndevu kila siku. Alinunua kiti kipya cha mteja, chenye mto, na mteja mwingine yeyote aliyekikalia aliambiwa ahamie kwenye kile cha zamani. Alikuwa amependa, na alijua kwamba amependa, na kila alipoifikiria siku ambayo monita itaondoka mezani pake, aliisukuma sahani kando.

Kila Jumamosi alijifanya anafanya kazi. Aligusa skrubu, akaizungusha mbele, akairudisha ilipotoka.

"Sasa?"

"Bado kipo. Tena kimenenepa."

Ndipo wazo likamjia. Miwani ile ilikuwa minene. Picha ilikuwa imenyooka. Angetamka neno moja tu, nenda ukapime macho, na lingekuwa neno la kawaida, la bure, analoweza kulisema hata mpita njia. Lilimfika kwenye ulimi. Lakini kama kasoro iko machoni, basi monita inarudi nyumbani, na msichana anarudi nayo. Akalimeza.

Jumamosi moja alikuja akiwa hana mzaha. Alikaa kwenye kiti chenye mto, mkoba magotini.

"Kaka amenisema jana. Anasema fundi gani asiyemaliza kazi. Nimemwomba akupe leo tu. Ukishindwa, kesho anaichukua, anampelekea fundi mwingine."

Fundi mwingine angeiwasha, angecheka, angesema monita hii haina ugonjwa. Akaingia nyuma ya chogo. Kwenye kopo la vyuma chakavu alikuwa na sumaku ndogondogo, zile ambazo mafundi hubandika kwenye shingo ya kioo kuuvuta mstari mkaidi. Akachukua moja, akaanza kuisogeza taratibu.

"Nitazamie katikati."

"Kinahama... kinapungua... Jamani, kinapungua! Endelea. Endelea. Hapo!" Alipiga makofi. "Hapo hapo! Umenyooka! Usiguse tena!"

Fundi akaibandika sumaku kwa gundi ya moto. Halafu akazunguka mbele kutazama alichokifanya. Mstari wa katikati ulikuwa umetoa tumbo. Ulipinda kwa namna ambayo hata mtoto angeuliza, na msichana alikuwa anautazama huku anatabasamu, machozi ya furaha yanamlengalenga.

Hapo alijua. Hakuna fundi mjinga kiasi cha kutojua. Kama picha iliyopinda inaonekana imenyooka, basi kitu kimepinda ndani ya anayetazama, na kitu hicho kinaendelea kunenepa, amekwishaambiwa. Akafungua mdomo.

"Wewe ni fundi wa mafundi!" alisema msichana, akamrukia shingoni, akambusu mbele ya televisheni zote.

Fundi Chogo akafunga mdomo, kisha akaufungua kumbusu na yeye. Lile neno halikurudi tena ulimini siku hiyo.

Ikafuata miezi ya utamu. Walitembea jioni wameshikana mikono. Msichana akavaa gauni la samawati, akavaa la maua, akarudia la njano kwa sababu fundi aliliomba. Alimpaka fundi ukucha wa kidole kidogo rangi nyekundu, na fundi akaenda nao kazini bila aibu. Nyumbani kwake msichana alicheza mchezo wake kila jioni, akampigia fundi kumtambia alama zake.

"Leo nimevunja ukuta wote, mpenzi! Wote!"

"Si una fundi mzuri?"

"Fundi mzuri, na mkono mzuri. Usijipe sifa zote."

Kisha alama zikaanza kupungua. Siku moja alipiga simu sauti ikiwa chini.

"Mteja amenigombeza leo. Anasema nimempaka rangi mpaka kwenye nyama. Nami niliona nimepita sawa kabisa."

"Umechoka, mpenzi. Kazi yako ni ya kuinama sana. Pumzika."

"Na fremu ya mlango wa saluni, nakuapia, imepinda. Hivi majuzi haikuwa hivyo."

Fundi alikuwa ameegemea ukuta wake, anachokonoa redio. Alikuwa na nafasi nyingine, imeletwa mpaka sikioni.

"Nyumba za siku hizi," alisema, "nani anajenga kitu kikanyooka?"

Msichana akacheka. Alicheka kwa sababu alimwamini, na akaacha kuuliza habari za mlango. Wiki hiyo hiyo tajiri wake, mwenye saluni, alimnyang'anya brashi, akampa kazi ya kufua taulo.

Muda haukupita, simu zikaacha kujibiwa. Asubuhi inaita, hakuna. Jioni inaita, hakuna. Fundi akatuma ujumbe, akatuma mwingine, akaanza kuhesabu makosa ya mwenzake badala ya yake. Siku ya tatu alifunga chumba, akaenda kusimama ng'ambo ya saluni. Gari jeupe likasimama. Mwanamume aliyevaa shati jeupe na tai akashuka, akafungua mlango wa abiria, akamshika msichana kiunoni. Msichana alikuwa amevaa miwani myeusi. Alimwegemea yule bwana kichwa begani, wakatembea polepole kuingia ndani kuchukua vitu vyake, kisha wakatoka wakaondoka.

Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Hakuvuka barabara kuuliza. Alisimama pale pale, akabonyeza simu, akarekodi.

"Nimekuona. Umepata mwenye gari, hongera. Sasa nimejua kwa nini simu haipokelewi. Na miwani myeusi ya nini, aibu? Mwambie huyo bwana wako akununulie macho mapya, maana hayo uliyo nayo hayajui kumtambua mtu wa maana. Usinitafute."

Akatuma. Kwa nusu saa alijisikia mwanamume.

Hakupata jibu. Siku zikaenda, hasira ikapoa, kilichobaki ni kiu ya kuisikia sauti ya msichana. Alisikiliza tena maneno yake mwenyewe, akayaona makali, akajiambia mapenzi ndivyo yalivyo. Siku simu ilipoita na jina la msichana likatokea, aliidaka kabla mlio haujaisha.

"Halo! Mpenzi?"

"Njoo nyumbani kesho mchana," alisema msichana. "Uje na bisibisi."

"Nitakuja. Sikiliza, yale niliyosema..."

"Njoo tu."

Fundi alinyoosha shati kwa pasi. Alinunua pete. Njia nzima alipanga maneno ya kumsamehe, naam, alikuwa amejiandaa kusamehe, na baada ya kusamehe angemchumbia, na bwana wa gari angebaki mdomo wazi.

Aliyefungua mlango ni bwana wa gari.

"Karibu, shemeji," alisema bila tabasamu. "Mimi ni kaka yake."

Fundi alisalimia kwa sauti ndogo. Sebule ilikuwa safi, pazia limefungwa nusu. Msichana alikaa kwenye kochi na gauni la kijivu, kucha zake hazina rangi. Miwani myeusi ilikuwa mapajani. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu, na alipogeuka kumtazama fundi aligeuza uso pembeni, akamtazama kama mtu anayechungulia.

"Usishangae," alisema. "Nikikutazama usoni sikuoni. Katikati pana doa jeusi. Nakuona masikio tu. Nikitaka kuona mtu, sharti nimtazame kando."

"Nini kimekupata?"

"Kaa kwanza."

Monita ilikuwa mezani, inawaka, ukuta wa matofali umejipanga. Kaka mtu alisimama kando yake.

"Juzi niliiwasha nicheze, nimchangamshe dada," alisema. "Nikamuuliza, huyu fundi wako vipi, mbona katikati pametoa tumbo? Akasema haiwezekani, pale ndipo paliponyooka. Tukabishana. Nikafungua nyuma. Nimeona kitu kimegandishwa kwa gundi. Sikukigusa, nasikia humo ndani umeme unaua."

"Hospitali ya macho walinipa karatasi ya miraba," alisema msichana. "Miraba kama ile yako. Wakaniziba jicho moja, wakaniambia nitazame katikati. Ule mstari ulikuwa umepinda kwenye karatasi, fundi. Karatasi haina skrubu. Daktari akasema kuna mishipa inavuja damu nyuma ya jicho. Wakanichoma sindano humo humo ndani ya jicho, niko macho, naiona inakuja. Zile siku ulizokuwa unapiga, nilikuwa nimelala na bandeji. Sikutaka unione hivyo. Niliogopa utaniacha."

"Mpenzi..."

"Ujumbe wako niliusikia nikitoka kwenye sindano ya pili. Kaka ndiye aliyenishikia simu."

Kaka mtu alitazama dirishani.

"Daktari aliniuliza nilianza lini kuona mistari inapinda. Nikamtajia. Akasema kwa wakati ule dawa ingeshika. Sasa kovu limeshakaa, sindano zinazuia lisienee tu, kilichokwenda hakirudi." Akavuta pumzi. "Nikujibu kwa ufupi, kuchora kucha ndiyo basi. Sasa nijibu wewe. Siku ile ya kwanza, ulipoinama pale ukasema unakiona kinundu. Ulikiona?"

Monita ilivuma mezani.

"Sikukiona."

"Na siku ya sumaku. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanibusu."

"Wewe ndiye uliyenibusu," alisema fundi, na kabla sentensi haijaisha aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani.

Kaka mtu alipiga hatua. Msichana akainua mkono, akamsimamisha.

"Itoe," alimwambia fundi. "Nataka picha iwe ya kweli, hata kama mimi siioni. Kaka atacheza."

Fundi alizima, akasubiri, akafungua nyuma. Gundi ilikuwa imeshika sana. Alikwangua kwa bisibisi, jasho likimdondoka, mpaka sumaku ikabanduka ikaangukia kiganjani. Akawasha. Kwa mazoea akatoa kichwa nyuma ya chogo, akamtazama msichana amwambie kama imenyooka. Msichana alikuwa amegeukia ukutani.

"Imenyooka," alijibu kaka mtu badala yake, na sauti ilimkatika.

Hapo fundi alipiga magoti. Hakujali shati wala kaka mtu. Maneno yote ya kusamehe yalikuwa yamemtoka, yakabaki ya kuomba.

"Nisikilize. Niliogopa. Niliwaza, kama kasoro si ya monita, hutarudi tena kwangu. Basi tu. Nilitaka urudi."

"Ningerudi," alisema msichana. "Ningepima macho, halafu ningerudi. Nilikupenda siku ile ile ya chai, mjinga wewe. Nilikuwa natafuta sababu, kama wewe."

Fundi alilia kwa sauti. Alitoa pete, akaishika mbele yake, na msichana akageuza uso pembeni kidogo ili aione.

"Nikuoe," alisema fundi. "Sitaki kitu kingine. Nitakushika mkono barabarani. Nitakusomea kila kitu, nitakupeleka kwenye sindano, nitakwambia kila kilicho mbele yako. Niruhusu niwe macho yako."

Msichana akageuza uso, akamwelekea fundi moja kwa moja, pale ambapo hakuweza kumwona.

"Ulishakuwa," alisema.

Akapapasa kochi, akaokota miwani myeusi, akaivaa, na kaka yake akaenda kufungua mlango.